Kabla ya Kuondoka Mahali pa Tukio

Kakuma
6 Machi 1996

Mjomba Ekuwam,

Ejok, salamu zangu. Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka vizuri na goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima. Mama ameniletea habari kwa mdomo wa abiria mmoja kwamba jicho lake la kushoto sasa halioni kitu, na kwamba haendi kwa daktari yeyote mpaka kaka yake ampeleke. Kwa hiyo huo ni mzigo wako. Mbuzi waliobaki nyumbani ni sita, na wawili kati yao, anasema, wako hai kwa ukaidi tu.

Sasa nakuomba jambo. Katika wodi ya wanaume huko Lodwar amelazwa mwenzangu wa kituo hiki cha polisi, Konstebo Barasa. Hana ndugu Turkana nzima. Mke wake, Mugure, yuko Kitale na mtoto mchanga, hawezi kusafiri. Nenda ukamwone. Mpelekee chai ya maziwa, na umsikilize.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe mbili. Malori tisa ya chakula cha msaada yalitoka hapa kwenda Lokichoggio. Askari wa kuyasindikiza walikuwa wawili: Barasa juu ya lori la kwanza, mwenzake juu ya lori la mwisho. Hawakuwa na redio ya mawasiliano. Kituo kina moja tu, iko mezani kwangu, na betri yake imekufa tangu Januari. Walipofika kwenye laga ya pili, mto mkavu unaokata barabara, majambazi wa ngoroko waliwafyatulia risasi kutoka vichakani. Barasa alijibu. Alipiga risasi kumi na nne, ngoroko wakarudi nyuma ya kilima, barabara ikawa wazi. Khadar, dereva wa lori la kwanza, huyo huyo anayebeba barua zetu, alimwita: "Barasa, tuondoke." Barasa akashuka. Akaanza kuokota maganda ya risasi yaliyoanguka mchangani, maana kwetu ganda lisiporudi kituoni ni kesi. Alikuwa ameokota kumi na moja na anatafuta la kumi na mbili pale ngoroko mmoja aliyebaki kilimani alipompiga kwenye goti.

Mjomba, mtu mwenye watoto wawili alipigwa risasi akiwa ameinama kutafuta vyuma vitupu. Nililiandika tukio hilo kwenye kitabu cha matukio kwa mkono wangu, kwa hasira. Mkuu wa kituo alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: "Maganda yako wapi?" Khadar akamwaga mfuko wa plastiki juu ya meza. Yalikuwa na damu. Mkuu akayahesabu mara mbili.

Mpwa wako,
Asinyen


Lodwar
19 Machi 1996

Mpwa wangu Asinyen,

Nimeipokea barua yako kutoka kwa Khadar, ambaye hakukaa hata kunywa maji. Hapa tuko salama. Mama yako nimempeleka. Ana mtoto wa jicho, na daktari wa macho huja mwezi wa Juni. Amekubali kungoja, baada ya kunitukana kidogo mbele ya foleni. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama unakula.

Barasa nimemwona mara tatu. Mara ya kwanza alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Wewe ndiye mjomba wa Asinyen. Alisema utakuja, na kwamba utaeleza mambo."

"Mambo gani?"

"Yoyote. Alisema huwa huchagui."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, nami nikafungua chupa ya chai kabla hawajamaliza. Mara ya pili nilimuuliza kwa nini hakuondoka alipoitwa.

"Mzee," akasema, "mwaka jana mwenzetu alirudi amepungukiwa na maganda mawili. Alifungiwa katika kambi ya polisi siku arobaini, kazi yake kumwagilia maua ya mkuu wa kituo. Maua, Kakuma. Sisi maji ya kuoga tunaomba kwa wakimbizi."

"Kwa hiyo uliogopa maua?"

"Niliogopa maua kuliko ngoroko. Ngoroko hawana shabaha." Akalitazama goti lake. "Wengi wao."

Naelewa hasira yako, mwanangu. Lakini hukuwepo katika miaka ile, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Kati ya mwaka 1979 na 1983, risasi zilizotolewa kwa askari zilionekana mikononi mwa ngoroko. Askari alipoulizwa zimekwenda wapi, alisema amempiga fisi. Fisi waliopigwa risasi katika miaka hiyo wangejaza uwanja wa ndege. Wakati huo huo maboma yalichomwa na watu wakauawa kwa risasi za serikali yao wenyewe. Ilibidi pawepo njia ya kujua. Ganda halibishani. Ama lipo ama halipo. Ndiyo sababu ikatoka Amri namba 7 ya mwaka 1983, iliyoanza kutumika tarehe mosi Novemba, ikimtaka kila askari kurudisha ganda la kila risasi aliyopiga. Ndani ya mwaka mmoja wizi wa risasi ulipungua zaidi ya nusu. Hayo niliyaona.

Kwa hiyo kosa si la amri. Kosa ni la wanaoitumia bila akili, na la serikali inayotuma watu wawili kulinda malori tisa bila redio. Kwa hilo la pili nina hasira kama wewe. Kuwa na subira, na uandike kila kitu.

Mjomba wako,
Ekuwam


Kakuma
2 Aprili 1996

Mjomba,

Asante kwa chai uliyompelekea Barasa. Ameniandikia kwamba unaeleza hata dawa anazopewa, na kwamba muuguzi ameanza kukukimbia. Mama akikutukana tena mbele ya foleni, mwambie nimemtuma. Mwambie mke wako ninakula, ingawa sitataja ninachokula.

Barasa ameshtakiwa. Mashtaka ni mawili: kuliacha lori bila amri, na kupoteza maganda matatu ya risasi. Kesi ya nidhamu itasikizwa huko Lodwar Jumatatu, tarehe ishirini Mei. Akipatikana na hatia anafukuzwa kazi bila chochote, na goti lake litakuwa shauri lake na Mugure.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo. Nilimwambia, "Afande, mtu hawezi kushtakiwa kwa kushuka na papo hapo kwa kutookota. Maganda yanaokotwaje na mtu aliye juu ya lori?"

"Konstebo, hayo ni makosa mawili tofauti."

"Amri ndiyo iliyomshusha, afande."

"Amri gani? Nionyeshe."

Nimepekua kabati lote la kituo. Mafaili ya chini yameliwa na mchwa, ya juu ni ya juzi juzi. Kila askari hapa anaijua amri hiyo kwa kuambiwa na aliyemtangulia, na hakuna aliyewahi kuiona. Walipotaka kumwadhibu yule wa maua, amri ilikuwepo. Sasa inaweza kumtetea mtu, haipo.

Jana tulikuwa tukishona hema letu kwa waya. Adhieu, yule mama mkimbizi wa Sudan anayetuuzia chai mlangoni, alisimama akatutazama. Akasema, "Nyinyi ndio mnatulinda sisi? Hema langu lina mwaka wa tatu na upepo haupiti. Njooni kambini mjiandikishe, mpewe kadi ya chakula." Askari wote walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi sikuweza. Watatu kati ya waliocheka walikuwa wanakwenda na malori asubuhi, mmoja wao amefunga soli ya kiatu kwa mpira wa baiskeli.

Sasa nisome polepole. Uliniandikia namba ya amri, mwaka wake, na tarehe iliyoanza kutumika. Wewe ulikuwa karani katika ofisi kubwa ya polisi kwa miaka kumi na tisa. Je, nakala ipo? Nijibu hilo tu.

Asinyen


Lodwar
28 Aprili 1996

Mpwa wangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Khadar alikwama siku nne kwenye laga iliyofurika, nami nilikuwa na homa iliyonilaza wiki nzima. Mvua imenyesha vizuri. Upande wa mto kumeota majani ambayo watoto wa miaka minne hawajawahi kuyaona, na walikuwa wakiyang'oa ili wayalete nyumbani kuonyesha. Mbuzi mmoja kati ya wale wakaidi amezaa.

Madaktari wameuokoa mguu wa Barasa, ila hautakunjika tena. Anaketi kitandani kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nimemshauri aandike barua ya kuomba radhi kwa unyenyekevu, maana mara nyingi anayeomba hupunguziwa adhabu. Alinigeuzia uso ukutani, na siku hiyo hakunywa chai yangu.

Kuhusu amri, ni vizuri ujue tofauti. Amri huandikwa, hupewa namba, husambazwa, na hudumu mpaka ifutwe na amri nyingine. Desturi hukua yenyewe. Mahali ambapo karatasi zimepotea, amri huonekana kama desturi, na hapo wakubwa wanaweza kuikana. Hilo si jambo la Kakuma peke yake. Ama karatasi zenyewe, hizo ni mali ya serikali. Mtu akistaafu huacha ufunguo, huacha muhuri, na mengi aliyoyajua huyaacha mlangoni.

Vumilia. Mke wangu anakutumia siagi kidogo.

Ekuwam


Kakuma
8 Mei 1996

Mjomba,

Sikukuuliza habari za mvua. Salamu utazipata mwishoni, zikibaki.

Nilikuuliza kama nakala ipo. Umenieleza amri ni nini. Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta neno "hakuna", sikulipata. Nikatafuta neno "ipo", sikulipata pia. Wewe ukiwa hujui jambo husema hujui, kisha unaeleza kwa nini hujui. Safari hii hukusema.

Jana mkuu wa kituo aliniita, akaweka kitabu cha matukio mbele yangu, kimefunguliwa ukurasa wa tarehe mbili Machi. Nilikuwa nimeandika: "Alishuka kuokota maganda kama ilivyo amri." Anataka ukurasa utoke na uandikwe upya: "Alishuka kwa hiari yake." Amenipa mpaka Ijumaa, tarehe kumi na saba. Nikamuuliza, "Na nisipoandika, afande?" Akasema nafasi ya Barasa juu ya lori la kwanza bado iko wazi. Alikuwa anatabasamu, Mjomba, kama mtu anayekutania. Mama hajui. Usimwambie.

Nikiandika wanavyotaka, Barasa amekwisha, na ni mimi nitakayekuwa nimemmaliza. Hakuna kingine cha kumtetea.

Wewe ndiye uliyenisomesha. Kila muhula ulikagua madaftari yangu, na ulinichapa kwa kila neno nililofuta bila kuweza kusema kwa nini nimelifuta. Basi nieleze, wewe unayependa kueleza. Nifute?

Salamu hazikubaki.

Asinyen


Lodwar
14 Mei 1996

Asinyen,

Usifute.

Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na Khadar anangoja nje, injini inanguruma. Yanayofuata yasome baadaye, ukiwa umeketi.

Nakala ipo. Iko nyumbani kwangu, ndani ya faili la kiwanja, na imekuwepo kwa miaka kumi na mitatu. Ninaijua namba ya amri kwa sababu niliipa mimi. Naijua tarehe kwa sababu niliichagua mimi. Amri namba 7 niliiandika mimi.

Mkuu wangu wa wakati ule, ambaye amekwisha kufariki, alipita mezani kwangu asubuhi akasema, "Ekuwam, andika kitu kuhusu maganda, tukomeshe huu upuuzi." Niliandika hivi: "Kila askari aliyepiga risasi atarudisha kituoni ganda la kila risasi aliyopiga." Ilitosha. Lakini niliisoma tena nikafikiri: askari atasema atarudi kesho kuyatafuta, na kesho upepo utakuwa umeyafukia. Nikaongeza maneno sita: "kabla ya kuondoka mahali pa tukio." Nilikuwa nimeketi chini ya pangaboi. Sikujiuliza kama mahali pa tukio huenda bado pana watu wenye bunduki. Mimi sijawahi kupigiwa risasi maishani mwangu. Mkuu alisoma, akagonga maneno yale sita kwa kalamu, akasema, "Hapo umefikiri." Nilitembea mpaka nyumbani na sifa hiyo. Nakala sikuificha ili siku moja iwe ushahidi. Niliichukua kwa sababu nilijivunia.

Bado sijamaliza. Mwaka 1985 aliuawa Konstebo Lotiang, mtu wa Kainuk. Ripoti ilifika kwa mkono, imeandikwa kwa penseli: "Aliuawa akiokota maganda." Kazi yangu ilikuwa kuipiga chapa. Mkuu akasema, "Andika: akiwafukuza wahalifu. Familia itajisikia vizuri." Niliandika. Hatukuwa tukiifikiria familia, sote wawili tulijua. Ningeweza kusema siku hiyo, "Afande, tuyatoe yale maneno sita." Yalikuwa yamekwisha kuua mtu, na ushahidi ulikuwa chini ya mkono wangu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu. Nilinyamaza, nikaweka karatasi nyingine kwenye mashine.

Wanalotaka ulifanye, mimi nililifanya, tena sikutishwa na lori lolote. Wengine wangapi wamepigwa wakiwa wameinama tangu hapo, sijui. Sikutaka kujua.

Nilikuandikia kwamba kosa si la amri. Nilikudanganya kwa maelezo mazuri. Nina hasira ambayo haina pa kwenda. Siwezi kumgombeza marehemu, na nikijigombeza mwenyewe mke wangu anauliza naongea na nani. Naona uchungu zaidi kwamba nilimshauri Barasa aombe radhi. Mtu niliyemvunja goti, nikamwambia aombe radhi.

Jumatatu nitakuwa pale na nakala. Kuweka karatasi ya serikali nyumbani ni kosa, na wanaweza kunisimamishia pensheni. Mke wangu ameuliza tutakula nini. Nimemwambia sijui.

Mjomba wako


Lodwar
23 Mei 1996

Mpwa wangu,

Sijapata neno kutoka kwako, kwa hiyo sijui kama uko mezani au juu ya lori. Mama yako anaendelea vizuri na anauliza. Nimemwambia una kazi nyingi. Sikumwambia uongo, ila sikuipenda sentensi hiyo.

Walikuwa wakubwa watatu nyuma ya meza ndefu. Barasa aliingia kwa magongo, mguu umenyooka mbele yake, kila mtu akalazimika kuvuta kiti. Kitabu cha matukio kililetwa. Nikauona mwandiko wako kutoka nilipoketi, ukurasa uko mzima, hakuna kilichofutwa. Nilishukuru, kisha nikakuogopea.

Nilipoomba kusema, mwenyekiti aliuliza, "Mzee, umekuja kama nani?"

"Kama mwandishi."

"Mwandishi wa nini?"

"Wa amri mnayosema haipo."

Nikaisoma yote, polepole, mpaka neno la mwisho. Kisha nikawaambia habari za Lotiang, ripoti ya penseli na niliyoipiga chapa. Mwenyekiti akaichukua karatasi, akaigeuza kutazama nyuma, ambako hakuna kitu.

"Umeitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu, ambako haikupaswa kuwa."

"Unajua kwamba hilo ni kosa?"

"Najua. Ukipenda nitakutajia kifungu."

Barasa alicheka, akaonywa.

"Hii ni ya zamani, mzee."

"Ilifutwa lini?" nikauliza.

Wakatutoa nje kwa muda wa saa nzima, na tuliporudi mashtaka yote mawili yalikuwa yameondolewa. Barasa amehesabiwa kuwa askari aliyejeruhiwa kazini. Atatibiwa na kupewa kazi ya mezani, Kitale, karibu na Mugure. Alinishika mkono nje, akaushikilia kwa muda mrefu kuliko salamu. "Mzee," akasema, "chai yako ilikuwa nzuri. Lakini usije tena kuniona." Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Nilimwambia nimesikia.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mwenyekiti ayafute maneno yale sita. Akasema jambo hilo linahitaji kamati.

"Mimi niliyaandika asubuhi moja, kabla ya chai ya saa nne."

"Ndiyo sababu yanahitaji kamati, mzee," akanijibu, na wenzake wakatabasamu. Nakala yangu walibaki nayo. Kuhusu pensheni, wamesema nitaandikiwa.

Siku tatu zimepita na bado nayaona matabasamu yale. Ni yale yale niliyokuwa nayo mimi.

Ekuwam


Kakuma
31 Mei 1996

Mjomba,

Ejok. Mwambie Mama mimi ni mzima, na safari hii sentensi ni ya kweli. Siagi ilifika ikiwa mafuta, tulikula hivyo hivyo.

Niko juu ya lori la kwanza. Nimekwenda safari tatu. Khadar huwaambia madereva wenzake, "Huyu msimtanie, huyu haandiki mara mbili," na amenitafutia gunia la mchanga la kuweka mbele yangu, maana kituo hakina. Habari za Barasa nilizisoma kwa sauti katika hema. Asante. Neno hilo naliandika mara moja, sitalirudia.

Jumanne tulipigiwa risasi mbili kutoka mbali. Nilijibu kwa tatu. Khadar akasema tuondoke, tukaondoka. Sikushuka. Nilirudi kituoni bila ganda hata moja, na mkuu ameandika jina langu. Kesi itasikizwa Agosti. Ameniambia safari hii hakuna anayebisha kwamba amri ipo. Nakala yako imewakumbusha.

Kwa hiyo keti katika ofisi ya mwenyekiti huyo kila siku mpaka wachoke na wewe, wayafute maneno yale sita. Unaweza kumchosha mtu, nakujua.

Lakini kwanza kuna jambo lingine. Barasa yuko hai, umesimama mbele ya watu ukasema. Lotiang bado ameandikwa akiwafukuza wahalifu. Aliacha mjane? Kama yuko hai, nenda Kainuk. Usimweleze, Mjomba. Mwambie.

Asinyen


Kainuk
11 Juni 1996

Mpwa wangu Asinyen,

Mama yako ametazamwa, atapasuliwa jicho wiki ijayo. Hasira zake zimepungua, jambo linalonitia wasiwasi. Katika ofisi ile nimeketi siku sita. Siku ya tatu waliniletea kiti, siku ya tano wakakiondoa.

Nimefika hapa jana. Mjane wa Lotiang anaitwa Napeyok. Anauza tumbaku karibu na daraja la Turkwel, na kila dereva wa lori anamjua. Nilijitambulisha nikamwambia, kwa maneno machache kama ulivyotaka. Alikuwa akipima tumbaku kwa kifuniko cha chupa, hakuacha kupima.

"Kwa hiyo hakuwa akiwafukuza," akasema.

"Hakuwa."

"Alikuwa ameinama."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Alimpa mteja tumbaku yake, akangoja aondoke. "Miaka kumi na moja nimewaambia watoto kwamba baba yao aliuawa akikimbia mbele. Barua ya serikali ilisema hivyo, mwalimu alitusomea. Mwanangu Ebenyo aliiweka kichwani barua hiyo. Mwaka juzi walipokuja kuandikisha askari wa akiba alikuwa wa kwanza kwenye mstari." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Yuko kule kwenye kizuizi cha barabara. Nenda ukamwambie na yeye. Mimi sitakufanyia kazi hiyo."

Nilikwenda. Ana miaka ishirini na mmoja, amevaa akala za matairi, bunduki yake ni nzee kuliko yeye, na amepewa risasi kumi. Askari wa akiba hawapewi hata kofia. Nilimwambia habari za baba yake. Alisikiliza huku akiitazama barabara. Nikamwambia jambo lililonipeleka: ukipigiwa risasi, ukajibu, kisha barabara ikawa wazi, ondoka. Acha maganda yalale. Mimi ndiye niliyeiandika amri ile, nami nakuambia haifai.

Alinijibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu babu yake. "Mzee, imefutwa?"

"Bado."

"Basi bado tunaokota, mzee."

Nikataka kuendelea kueleza. Lori likatokea upande wa Kitale, akaniomba nisogee kando, akaenda kulisimamisha.

Mjomba wako,
Ekuwam